Gari la Mjomba Rurangwa

Gahanna, Ohio
1 Februari 2015

Teta mpwa wangu,

Pokea salamu za mjomba wako pamoja na baridi ya huku, maana vyote viwili ninavyo kwa wingi.

Polycarpe wa kanisani kwenu amenipigia simu kusema gari lilifika Louisville salama, na kwamba mama yako alilia alipoliona mbele ya mlango. Mwambie dada yangu Ingabire asilie. Mimi nimenunua jingine, na ile Toyota bado ina nguvu. Sikuona kwa nini nimuuzie mtu nisiyemjua wakati mtoto wa dada yangu amepata leseni ya kujifunza. Kule kwetu milimani ningekupa ng'ombe. Hapa ng'ombe hawaruhusiwi kwenye nyumba za kupanga, basi nimekupa Toyota, na kwangu ni kitu kilekile.

Kwa hiyo adabu za ng'ombe zinaendelea. Unazijua, lakini nakukumbusha kwa sababu umekulia ndani ya simu. Katika ukoo wetu mtu akipewa ng'ombe haulizi umri wake wala hamwambii aliyempa kwamba anachechemea. Anashukuru, anamtunza. Na aliyetoa naye hamfuatifuati kuuliza amekula nini leo. Mimi nimetoa, mkono wangu umetoka.

Nataka kitu kimoja tu. Zile meseji zako za herufi tatu na uso unaocheka sizitaki. Niandikie barua, kwa kalamu, kwa Kiswahili kile tulichofundishwa kuandikia kanisani. Kinyamulenge cha nyumbani tutaongea tukionana.

Kuhusu udereva, nisikilize mimi. Tangu nifike nchi hii naendesha kwenye theluji, kwenye mvua, kwenye barabara kuu, na sijagusa hata pipa la takataka. Dereva mzuri hana haraka. Hilo liandike ukutani.

Mjomba wako,
Rurangwa


Louisville, Kentucky
22 Februari 2015

Mjomba,

Hii ni barua yangu ya kwanza ya kalamu tangu shule ya msingi, na mkono unauma. Asante kwa gari. Mama anasema niandike asante tena, kwa hiyo asante tena.

Gari ni zuri na siulizi chochote. Kila Jumapili baada ya ibada Polycarpe anakaa kando yangu, mama anakaa nyuma na Biblia yake, tunazunguka maegesho ya duka lililofungwa. Polycarpe ni mpole sana, ila ana tabia ya kufumba macho nikikata kona. Mama haombi kwa sauti, lakini kwenye kioo naona midomo yake inatembea.

Unajua Polycarpe ndiye anayempeleka mama kazini. Ile nyumba ya kutunzia wazee iko nje ya mji, basi halifiki, na zamu inaanza saa moja asubuhi. Sasa Polycarpe amepata kazi Iowa na atahama mwisho wa Agosti. Mama anawapenda wale wazee wake. Kuna bibi mmoja hali chakula mpaka mama amwimbie. Nisipopata leseni kabla Polycarpe hajaondoka, mama ataiacha kazi ile. Mwenyewe hajasema hivyo, lakini nilimsikia kanisani akiuliza kama kiwanda fulani kilicho karibu na kituo cha basi kinachukua watu.

Kwa hiyo najifunza kwelikweli, si kwa kujionyesha. Na maneno yako yako ukutani, juu ya kitanda changu.

Mpwa wako,
Teta


Gahanna
30 Mei 2015

Dada Kostansia,

Habari za Buffalo na za maandalizi ya harusi ya mwanao Mizero? Nakuandikia wewe kwa sababu wewe hunicheki mbele za watu. Unanicheka ukiwa peke yako jikoni, na hilo naweza kulivumilia.

Leseni yangu imefungwa mpaka majira ya baridi. Huku ukikimbiza gari hawakutozi faini tu, wanakuandikia na pointi, na pointi zinakaa pale zinakungoja. Zikijaa, wanakufungia. Zangu zimejaa. Sikumgonga mtu, usiogope. Nilikuwa nachelewa zamu ya ghala, mara moja, halafu mara nyingine, halafu ikawa mazoea. Hili gari jipya halina kelele, unadhani umesimama kumbe unaruka.

Jumamosi naenda darasani Clintonville, kufundishwa upya. Wenzangu karibu wote ni vijana wa umri wa Teta. Mmoja alinipigapiga bega akaniambia nisijali, hata yeye ni mambo ya mwendo. Mwalimu akauliza dereva mzuri ni mtu wa namna gani. Nikatazama viatu vyangu. Kazini napelekwa na jirani yangu Mnepali, ambaye anaendesha kama amepakia mayai.

Tafadhali, Teta asijue. Nimemwandikia maneno makubwa mno.

Lile gari la kwao sijui linaendeleaje, na siulizi, maana nimekwisha toa. Hata bima niliiondoa siku ileile lilipotoka kwangu. Kubaki na jina langu kwenye bima niliona ni kama kumpa mtu ng'ombe huku umeshikilia kamba. Naamini Ingabire aliweka yake kesho yake.

Mdogo wako,
Rurangwa


Louisville
8 Juni 2015

Mama Mkubwa Kostansia,

Shikamoo. Nina shida, na mjomba Rurangwa asiijue kabisa.

Jumapili iliyopita tulitoka kwenye yale maegesho tukaingia barabarani. Tukafika kwenye njia panda ambayo magari ya pande zote nne yanasimama, halafu aliyefika kwanza anapita kwanza. Nilikuwa nimefika kwanza. Lakini upande wa kulia akaja mzee mwenye mvi, na Polycarpe akasema, "Acha ule muzee apite, si unaona ni mukubwa?" Nikampisha. Akaja mama mmoja na kofia ya kanisani. Polycarpe akasema, "Na ule pia, Teta, heshima." Mama akaitikia kule nyuma. Tukampisha na padre. Tukampisha na mtu mwenye lori kwa sababu lori lilikuwa limechoka. Mimi nilikuwa nawapungia mkono, wao wananipungia, hakuna aliyekasirika isipokuwa polisi aliyekuwa nyuma yetu.

Aliwasha taa zake za buluu. Alidhani nimelala. Polycarpe alipomweleza kwamba wale wote walikuwa wakubwa zangu, alicheka mpaka akavua kofia, akasema kwa hilo ananisamehe. Kisha akaomba karatasi ya bima.

Mama Mkubwa, hatuna bima. Tulipekua kila mahali. Mama alidhani mjomba bado anailipa. Polycarpe naye alidhani mama anayo, akasema, "Gari ya kupewa, donc, ningeuliza asiransi namna gani? Ni kumutukana Rurangwa." Hakuna aliyeuliza tangu Februari. Polisi hakucheka tena. Nimeitwa mahakamani tarehe 16 Julai.

Tulikwenda ofisi ya bima siku iliyofuata. Wanasema gari bado ni la mjomba kwenye karatasi, hawawezi kulikatia bima kwa jina la mama mpaka mjomba aweke sahihi. Nikisimama mbele ya hakimu bila bima, wanasema anaweza kunizuia kupata leseni, na Polycarpe anahama Agosti. Na nikimwambia mjomba, ni kama kumwambia alitupa ng'ombe mgonjwa. Mama amenikataza katakata nisimwambie. Gari limeegeshwa, hatuligusi.

Nifanye nini?

Teta


Buffalo, New York
14 Juni 2015

Teta mwanangu,

Marahaba. Nilisoma barua yako jikoni nikacheka mpaka jirani akagonga ukuta, halafu nikasikitika, halafu nikafika kwenye lile lori lililochoka nikacheka tena. Unisamehe. Shida yako naiona na si ndogo.

Najua namna bima ilivyopotea, lakini usiniulize nimejuaje, kuna mambo ya watu yamewekwa kwangu. Ninyi mmekaa na adabu, yeye amekaa na adabu, na gari limetembea uchi miezi minne. Huku mtaani kwetu East Side mtu akikuuzia hata kiti, unakipindua kwanza utazame miguu. Lakini sisi wa milimani, mtu akitupa kitu tunashukuru huku tumefumba macho.

Sasa sikiliza. Kusema ng'ombe uliyepewa ni mbaya, hilo hapana, mama yako ana haki. Lakini kusema ng'ombe anaumwa, hilo wazee wetu walilisema sikuzote, na aliyetoa akisikia anakuja na dawa, tena anakuja mbio. Mwandikie kwamba gari linaumwa. Polepole. Mjomba wako si mjinga, ataelewa.

Na shati la mahakamani lipige pasi mapema. Mimi nakuombea, na namwambia Mizero naye akuombee, ingawa yeye siku hizi anaombea gauni tu.

Mama Mkubwa wako,
Kostansia


Louisville
20 Juni 2015

Mjomba mpendwa,

Hatujambo sote. Mama anakusalimia. Jua ni kali.

Gari nalo halijambo. Ila tukitazama vizuri tunaona ni kama linaumwa kidogo. Halichechemei, sijasema linachechemea. Ni zuri kama siku lilipofika. Ugonjwa wenyewe ni wa ndani, hauonekani kwa macho, lakini watu wa nje wakiliangalia kwa makini wanautambua mara moja. Tungefurahi sana kama aliyelilea angetushauri, maana yeye analijua kuliko sisi, hasa mambo yake ya zamani ya Ohio.

Nakutakia Jumamosi njema. Mama Mkubwa anasema Jumamosi una shughuli nyingi na vijana. Mungu aibariki huduma yako.

Mpwa wako mtiifu,
Teta


Gahanna
27 Juni 2015

Teta,

Umeandika kwa adabu mpaka nimeona fahari. Ugonjwa wa ndani usioonekana naujua, ni mafuta ya injini. Lile gari linakunywa mafuta kimyakimya, na fundi mwenye macho anatambua kwa harufu tu. Nimekutumia kopo moja kwa posta, la aina ambayo gari limeizoea. Msilitie ya aina nyingine. Na betri mwambie Polycarpe aisugue kwa magadi.

Huduma ya vijana inaendelea, ndiyo. Ni vijana wenye vipaji.

Mjomba wako,
Rurangwa


Louisville
2 Julai 2015

Mjomba,

Kopo limefika, lakini mafuta mengi yamebaki kwenye boksi na mengine kwenye viatu vya mtu wa posta.

Nimeandika barua hii mara nyingi nikaichana. Mama hajui naiandika. Samahani kwa adabu nitakayoikosa.

Gari halina bima. Haijakuwepo tangu lifike. Hatukukuuliza kwa sababu ulitupa, na tunakupenda, na tuliona aibu. Nimesimamishwa na polisi nikiwa naendesha, na tarehe 16 mwezi huu naingia mahakamani. Hatuwezi kulikatia bima bila sahihi yako kwenye karatasi ya gari. Nisipopata leseni, mama ataacha kazi yake. Anaposhuka kazini asubuhi anatembea haraka kama msichana, Mjomba, ungemwona. Sitaki aache.

Usipojibu nitajua nimekukosea, na bado nitakushukuru kwa gari.

Teta


Louisville
18 Julai 2015

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Usinijibu mpaka umalize kusoma yote, maana najua utaanza kucheka katikati.

Mjomba hakujibu barua. Alikuja mwenyewe. Siku tatu kabla ya mahakama tulisikia mlango, tukamkuta na suti yake ya harusi, jasho linamtoka, na bahasha kifuani. Mama alianza kuomba radhi kwa niaba yangu, yeye akamkatisha: "Nyamaza, Ingabire. Nilitoaka ngombe nikasahau kamba yake kwangu. Huyu mutoto tu ndiye alikuwa na akili." Akaweka sahihi juu ya meza ya kulia. Mama akamtazama, akanitazama mimi, halafu akaenda kukoroga ugali kwa hasira ambayo haikudumu. Kesho yake tukabadilisha karatasi, tukapata bima, jina la mama, na mimi dereva.

Mahakamani walimleta mkalimani, mama mmoja wa Burundi. Hakimu aliponiuliza kwa nini sikuwa na bima, nilifungua mdomo, lakini mjomba alishasimama. Alieleza yote kuanzia milimani. Mkalimani akajitahidi. Niliona hakimu anaandika, anaacha kuandika, kisha akauliza, "Na huyo ng'ombe yuko wapi sasa?" Mkalimani akasema, "Ameegeshwa nje." Watu wote walicheka, hata yule polisi. Hakimu akaishika karatasi ya bima, akaisoma mbele na nyuma, akasema kesi imekwisha, na kwamba siku nyingine adabu ije baada ya bima. Nililia kidogo. Naruhusiwa kufanya mtihani.

Sasa kuna jambo linanisumbua. Mjomba alikuja kwa basi kutoka Columbus, mji ulio karibu na kwake, na ana gari jipya. Na tulipotoka mahakamani Polycarpe alimwambia, "Bon, leo wewe ukae kando ya mutoto, umuongoze." Mjomba akasema hapana, atakaa nyuma na mama. Njia nzima hakusema neno, alikuwa anatazama dirishani. Nadhani bado amenikasirikia kwa ile barua. Unaweza kumuuliza taratibu?

Teta


Gahanna
15 Agosti 2015

Teta mpwa wangu,

Mama yako amenipigia simu asubuhi akipiga vigelegele, na mimi nikapiga vyangu ghalani, msimamizi akaja mbio akidhani nimeangukiwa na boksi. Umefaulu. Mama yako anasema mtahini alikuandikia kwamba wewe ni mwangalifu kupita kiasi. Hiyo inatibika. Nimefurahi mpaka nimenunua soda ya kila mtu wa zamu yangu, na yule Mnepali amekunywa mbili.

Sasa Kostansia ameniandikia maneno makali, ananiambia mtoto anadhani nimemnunia. Sikukununia. Nilikaa nyuma kwa sababu kando ya mwanafunzi anakaa mtu mwenye leseni, na mimi sina. Nimeijaza pointi kwa kukimbia, wameifunga. Ile huduma yangu ya Jumamosi ni darasa, na mimi ndiye mwanafunzi. Ndiyo maana nilikuja kwa basi. Njiani kutoka mahakamani nilinyamaza kwa sababu uliendesha vizuri kuliko mimi, na nilikuwa natafuta kosa la kukuambia, sikuliona.

Yale maneno ya ukutani unaweza kuyabandua. Au uyaache ukutani lakini ufute jina langu.

Nina ombi, na nakuomba kama mtu anavyomwomba mkubwa. Oktoba Mizero anaolewa Buffalo. Ninyi mtapita Columbus. Naomba mnipitie. Nitakaa mbele, nitafunga mkanda, sitasema kitu hadi mpaka wa New York.

Mjomba wako asiye na leseni,
Rurangwa


Louisville
1 Septemba 2015

Rurangwa ndugu yangu,

Mimi si mtu wa kuandika, unanijua, lakini Teta anasema sheria ya barua ni ya watu wote.

Tutakupitia. Teta amefurahi mno kwa ombi lako, amelisoma kwa sauti mara mbili, mara ya pili amesimama juu ya kiti. Hatatoa siri yako kwa mtu. Mimi nimemwambia Polycarpe peke yake, kwa kuwa anahama.

Polycarpe ameondoka Jumamosi. Tulimpikia, tukaomba, akalia yeye wa kwanza. Jumapili usiku sikulala vizuri. Nilikuwa nasema moyoni, kesho nikichelewa, au huyu mtoto akiogopa lori, au gari likigoma, basi, kazi imekwisha.

Jana Jumatatu Teta alikuwa wa kwanza kuamka. Nilimkuta tayari yuko kwenye gari, ameweka bima pale panapofunguliwa haraka. Nikakaa mbele, kiti cha Polycarpe. Sikuleta Biblia, nilisahau, na sikuikumbuka mpaka tumefika. Kwenye njia panda alipita zamu yake ilipofika. Kulikuwa na mzee pembeni. Teta alimwinamishia kichwa akapita.

Tukafika mapema. Nikashuka, nikafunga mlango, nikamwambia aende shule. Hapo ndipo nilielewa kwamba anaondoka peke yake. Kila mara tangu anyonye, huyu mtoto akisafiri mimi niko naye, kwa miguu, kwa lori, kwa ndege, mgongoni au mkononi. Nilisimama kwenye maegesho na mfuko wangu wa chakula. Alirudi nyuma polepole, akawasha taa ya kukata kona ingawa hapakuwa na mtu wa kumwonyesha.

Msimamizi wangu akatoka nje kuniuliza kama kuna tatizo. Nikamwambia kwa Kiingereza changu, hakuna, yule ni mwanangu anaendesha. Akauliza yuko wapi. Nikamwonyesha, akaja akasimama kando yangu, tukamtazama mpaka akaingia barabara kuu pamoja na magari mengine yote.

Dada yako,
Ingabire